Chatne ya Ukwaju na Tende: Mwongozo Kamili wa Kuipika Nyumbani

Wengi wanaojaribu kupika chatne tamu na chachu ya Kihindi, ile ya rangi ya kahawia iliyokolea inayowekwa kando ya sambusa na kachori, hulalamikia mambo yale yale: imetoka chungu, imeganda chupani hadi kijiko hakipiti, au jana ilikuwa tamu na leo inakakata meno. Nimeulizwa habari hizi mara nyingi kiasi cha kuona kwamba mapishi ya mistari mitano hayatoshi. Uchungu karibu kila mara hutokana na kokwa za ukwaju zilizosagwa au na viungo vilivyoungua. Kasoro mbili zilizobaki zina chanzo kimoja, nacho ni kwamba mpishi ameihukumu chatne ikiwa bado inatokota, ilhali uzito na ladha yake ya moto si uzito na ladha yake ikishapoa.

Mwongozo huu unafuata namna inavyopikwa Gujarat, ambako huitwa khajur-amli ni chatni, yaani chatne ya tende na ukwaju. Delhi na kandokando yake wanayo inayofanana nayo, ambayo hutiwa tangawizi kavu kwa wingi hata ikachukua jina la kiungo hicho, saunth. Nimeichagua ya Kigujarati kwa sababu tende huipa uzito bila kuhitaji sukari nyingi, na kwa sababu ndiyo iliyozoeleka Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, ambako familia za asili ya Gujarat zimekuwa zikiipika kwa vizazi.

## Mahitaji

Kwa kipimo hiki utapata takribani gramu 850 za chatne, yaani chupa mbili za mililita 350. Tayarisha kila kitu kabla ya kuwasha moto.

- Ukwaju uliomenywa maganda, wenye kokwa zake: gramu 200
- Tende laini zilizotolewa kokwa: gramu 150
- Sukari guru: gramu 250, pamoja na gramu 50 za akiba
- Maji: mililita 600 za kulowekea ukwaju, 300 za kupikia tende na 100 za kuyeyushia sukari guru
- Bizari nyembamba nzima (uzile, kwa Wazanzibari): vijiko 2 vya chai
- Shamari nzima: kijiko 1 cha chai, ukipenda
- Tangawizi kavu ya unga: kijiko 1 na nusu cha chai
- Pilipili nyekundu ya unga, isiyo kali sana: kijiko 1 cha chai
- Chumvi ya kawaida: kijiko 1 cha chai
- Chumvi nyeusi: nusu kijiko cha chai

### Kuhusu ukwaju

Ukwaju mzuri kwa kazi hii hunata mkononi, na rangi yake ni kahawia yenye wekundu. Uliokaa muda mrefu dukani huwa mweusi na mkavu. Unafaa, lakini utaipa chatne rangi ya lami na utahitaji kulowekwa kwa muda mrefu zaidi. Ukinunua wenye maganda, tazama kama ganda lina vitobo vidogo, kwa maana hapo mdudu ameshaingia na ndani utakuta ungaunga.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba ukali wa ukwaju haulingani. Ukwaju unaookotwa chini ya miti ya Kitui au Dodoma hutofautiana mti hadi mti, na ule uliogandamizwa katika vipande na kuletwa kutoka India hutofautiana pakiti hadi pakiti. Kwa hiyo gramu 250 za sukari guru nilizozitaja ni mahali pa kuanzia tu. Anayezimimina zote kwa mara moja anabahatisha.

### Kuhusu tende na sukari guru

Tende za bei ya chini, zile laini nyeusi zilizoshindiliwa katika pakiti, ni bora hapa kuliko tende kubwa za kifahari, kwani zitapondwa hata hivyo. Zilizobaki baada ya mwezi wa Ramadhani zinafaa kabisa hata kama zimeanza kukauka.

Sukari guru isibadilishwe kwa sukari nyeupe ila kwa shida. Sukari nyeupe huleta utamu mtupu, hali sukari guru ina ladha ya muwa uliopikwa ambayo hukutana na ukali wa ukwaju na kuupunguza makali. Chagua ya rangi ya kahawia iliyoiva. Ile ya manjano hafifu hutoa chatne iliyopauka.

### Kuhusu chumvi nyeusi

Hii hupatikana katika maduka ya viungo vya Kihindi kwa jina la kala namak. Ikiwa nzima huonekana nyeusi, lakini ikisagwa huwa na rangi ya waridi yenye ujivujivu, na harufu yake ni ya yai lililopitiliza. Usiogope harufu hiyo wala usidhani umeuziwa kitu kilichoharibika. Ndiyo inayofanya chatne iwe na ladha ya ile inayouzwa barabarani kule Mumbai. Ukiikosa, ongeza robo kijiko cha chumvi ya kawaida.

### Vyombo

Unahitaji sufuria pana ya stenlesi au ya enameli isiyobanduka, mwiko wa mbao, bakuli mbili, chujio imara la stenlesi lenye matundu kama ya chujio la tui, kikaango kidogo, kinu au mashine ya kusagia viungo, sahani ndogo mbili, na chupa mbili za kioo zenye vifuniko vinavyobana. Chujio la chai ni dogo mno na matundu yake yataziba mara moja. Mizani ya jikoni itakusaidia sana.

Onyo kuhusu sufuria. Usitumie sufuria ya alumini, ambayo ndiyo iliyojaa majikoni mwetu. Ukwaju una asidi ya tartari kwa wingi, nayo hula alumini. Nililijua hili kwa hasara: niliwahi kuacha chatne ilale katika sufuria ya kawaida, na asubuhi nilipoihamisha nikakuta ndani ya sufuria panang'aa kama pamesuguliwa kwa mchanga, hadi pale tu chatne ilipokuwa imefika, na juu ya mstari huo pamebaki na weusi wake wa zamani. Kilichokuwa kimesugua sufuria kilikuwa kimeingia katika chatne, na ladha yake ilikuwa ya chuma. Shaba tupu nayo haifai; majumbani India vyombo vya shaba hupakwa bati kwa ndani, kwa sababu hii hii.

## Hatua ya 1: Loweka ukwaju

Chambua ukwaju kwa vidole, ukiondoa vipande vya maganda na zile nyuzi ngumu zinazopita urefu wote wa tunda. Kokwa ziache. Utie katika bakuli, uumwagie mililita 600 za maji ya moto yaliyotoka kuchemka, ufunike na uuache kwa dakika 40. Ukwaju mkavu wa zamani upe saa 2.

Usiuchemshe ukwaju pamoja na kokwa zake ili kuokoa muda. Ganda la kokwa lina utando wa kahawia wenye ukakasi mkali, ule unaokausha ulimi kama ndizi mbichi, na moto huutoa ukaingia katika maji. Ukakasi huo hautaondolewa na sukari yoyote utakayoongeza baadaye.

Utajua umefaulu ukiminya kipande kimoja na nyama yake ikateleza kutoka kwenye kokwa bila kuvutwa.

Wakati huo huo weka zile sahani mbili ndogo katika sehemu ya jokofu inayogandisha barafu. Utazihitaji katika hatua ya 6. Asiye na jokofu aziweke juu ya bakuli la maji ya mtungi. Hazitakuwa baridi sana, lakini zitafanya kazi.

## Hatua ya 2: Pika tende

Katakata tende, na ukague kila moja, kwa kuwa hata zinazouzwa kama hazina kokwa hukosi kukuta moja iliyosahaulika. Zitie sufuriani na mililita 300 za maji, uziache zitokote kwa moto mdogo kwa dakika 10 hadi 12, kisha uziponde kwa mwiko au uzisage kwa blenda zikishapoa kidogo.

Onyo. Usisage rojo la moto katika blenda iliyofungwa, maana mvuke hukirusha kifuniko.

Utajua umefaulu ukipata rojo laini lisilo na vipande. Maganda membamba ya tende yakibaki hayadhuru, kwani utayachuja baadaye.

## Hatua ya 3: Kamua na uchuje ukwaju

Hapa ndipo wengi hukosea, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Nilijifunza kazi hii kwa kumtazama mama mmoja wa Kigujarati niliyepata kuwa jirani naye, ambaye hakuwahi kutumia mashine kwa ukwaju. Aliingiza mkono bakulini, akachota fungu moja, akalifinyafinya taratibu kati ya kidole gumba na vidole vingine kama mtu anayehesabu shanga za tasbihi, kila kokwa ikipita ikiwa imevuliwa nyama. Kokwa tupu alizitupa pembeni moja moja. Hakuwa na haraka, na bakuli lake halikuwahi kuwa na kokwa iliyovunjika.

Fanya vivyo hivyo. Finya ukwaju ndani ya maji yake hadi maji yawe rojo zito, toa kokwa zote, kisha mimina rojo katika chujio lililowekwa juu ya bakuli la pili. Sukuma kwa upande wa nyuma wa kijiko, ukizungusha. Kwangua sehemu ya chini ya chujio kila baada ya muda, kwa kuwa rojo zito kuliko lote hunatia hapo na wengi husahau kulichukua.

Makapi yaliyobaki yana ukwaju bado. Yarudishe katika bakuli la kwanza, chota vijiko vichache vya rojo jembamba ulilokwisha kuchuja, uyafinye tena na uchuje mara ya pili. Usiongeze maji mapya, kwa sababu kila tone unaloongeza sasa utalichemsha liondoke baadaye, na chatne inayokaa motoni muda mrefu hupoteza uchangamfu wake na kuwa na ladha ya kitu kilichoungulia.

Maonyo mawili. La kwanza, usiutie ukwaju wenye kokwa katika blenda hata kwa sekunde chache. Kokwa zikivunjika, kazi imeharibika na huna njia ya kuirekebisha. La pili, kama una mkwaruzo au mkato kidoleni, vaa glavu, kwa sababu asidi hii inawasha vibaya.

Utajua umefaulu ukipata takribani mililita 500 hadi 550 za rojo laini, zito kama uji wa mtoto, lisilo na nyuzi. Likiwa jepesi kama chai ya ukwaju, basi hukufinya vya kutosha na utamu wenyewe umebaki katika makapi.

Likiwa tayari, changanya nalo rojo la tende, kisha upitishe mchanganyiko wote katika chujio mara moja.

## Hatua ya 4: Kaanga viungo

Weka kikaango kikavu juu ya moto mdogo, tia bizari nyembamba na shamari, na uzikoroge bila kuacha kwa dakika 2 au 3. Rangi ikikolea kidogo tu na harufu ikapanda, zimwage mara moja katika sahani nyingine iliyo baridi. Usiziache katika kikaango hata kama umezima moto, kwa kuwa kikaango kina joto la kuziunguza kikiwa peke yake.

Zikipoa, zisage ziwe unga. Unga huu utaingia mwishoni kabisa, kwani harufu ya bizari iliyokaangwa ni nyepesi na huondoka na mvuke ikichemshwa kwa muda mrefu. Tangawizi na pilipili, kinyume chake, zinahitaji kupikwa ili ubichi wake uishe, na hizo zitaingia mapema.

Utajua umefaulu ukionja punje moja na kusikia ladha kama ya njugu zilizokaangwa. Ikiwa chungu ulimini, imeungua; itupe na uanze upya, maana ni vijiko viwili tu na gharama yake ni ndogo kuliko sufuria nzima ya chatne.

## Hatua ya 5: Yeyusha sukari guru na uichuje

Ponda sukari guru, uitie katika sufuria ndogo pamoja na mililita 100 za maji, uiyeyushe kwa moto mdogo bila kuichemsha sana, kisha uichuje kwa kitambaa safi au chujio la chai. Wengi huiruka hatua hii na kuitupia sukari guru moja kwa moja katika ukwaju. Wajaribu kutazama kile kitambaa baada ya kuchuja: kuna nyuzi za muwa, kuna punje za mchanga, na mara nyingine kuna mguu wa nyuki. Mchanga ukishaingia katika rojo zito hautaki kutulia chini, na utausikia katika kila tonge.

## Hatua ya 6: Pika pamoja, ukipima kwa sahani baridi

Tia rojo la ukwaju na tende katika sufuria pana, weka moto wa wastani, na ulete lianze kutokota. Tia tangawizi, pilipili na chumvi ya kawaida. Koroga, kisha uongeze nusu ya maji ya sukari guru. Baada ya dakika 10 ongeza nusu ya kile kilichobaki. Robo ya mwisho iache kando mpaka uonje.

Sababu ya kuigawa hivi nimekwisha kuitaja: hujui ukwaju wako una ukali gani. Sukari ikipungua inaongezwa, lakini ikizidi huna la kufanya isipokuwa kuloweka ukwaju mwingine.

Koroga ukigusa chini ya sufuria, hasa pembeni pale mwiko unapopenda kupita bila kufika. Povu likipanda, lienguliwe kwa kijiko. Kadiri maji yanavyopungua, mapovu madogo ya mwanzo yatageuka kuwa makubwa na mazito yanayopasuka kwa mlio.

Onyo. Kuanzia hapo chatne huruka kama tope linalochemka, na tone lake hushika ngozi na kuendelea kuunguza kwa sababu lina sukari. Punguza moto, tumia mwiko mrefu, funika sufuria nusu, na watoto wakae mbali. Likikurukia, mwagia maji ya bomba papo hapo kwa dakika kadhaa, usipake chochote.

Baada ya dakika 15 hivi toa sahani moja kwenye barafu, udondoshe kijiko kimoja cha chai cha chatne, na usubiri dakika moja nzima. Usiibane hiyo dakika. Sasa fanya mambo mawili, kwa mpangilio huu.

Kwanza, pima uzito. Pitisha kidole katikati ya tone uchore mstari. Mstari ukifunikwa mara moja, bado ni nyepesi, rudisha motoni. Ukijifunga polepole, kwa muda wa kuhesabu hadi tatu au nne, imefika. Ukibaki wazi kabisa, umepitiliza. Ongeza vijiko viwili vya maji ya moto na upime tena.

Pili, onja kutoka sahani hiyo hiyo, usionje kutoka sufuriani. Ulimi husikia utamu zaidi kitu kikiwa na joto, na ndiyo maana chatne iliyoonjwa motoni ikaonekana sawasawa huamka kesho yake ikiwa kali. Ukisikia ukali umetangulia na utamu ukachelewa kufika, mimina ile robo ya sukari guru. Ukisikia vyote viwili vipo lakini ladha imelala, tatizo si sukari wala ukwaju bali ni chumvi. Ongeza chembe, ukoroge, uonje tena kwa sahani ya pili.

Uzito wa chatne ikiwa ndani ya sufuria utakudanganya, kwa sababu tende na ukwaju vyote vina pektini, ile inayogandisha jemu, nayo hufanya kazi yake ikipoa. Zima moto wakati chatne inadondoka kutoka mwikoni kama uji mwepesi, nayo asubuhi utaikuta kama asali. Ukingoja iwe kama asali sufuriani, asubuhi utaikata kwa kisu.

Mwenye mizani ana njia ya uhakika zaidi: pima sufuria tupu kabla ya kuanza, na usimamishe kupika pale chatne peke yake inapofika gramu 850 hadi 900. Kwa sufuria pana huchukua dakika 25 hadi 30.

## Hatua ya 7: Malizia

Zima moto. Tia unga wa bizari na shamari pamoja na chumvi nyeusi, ukoroge vizuri, na uiache dakika 5 viungo vikolee.

Utajua umefaulu ukiinua mwiko na kuona chatne imeuvika kama koti jembamba linalong'aa, na rangi yake ikiwa kahawia yenye wekundu. Harufu ya bizari inapaswa kukufikia kabla hujainamia sufuria.

## Hatua ya 8: Tia chupani

Chemsha chupa na vifuniko kwa dakika 10, uvitoe kwa koleo, uvipindue juu ya kitambaa safi na uviache vikauke kabisa. Chatne ikiwa bado ya moto, mimina katika chupa zikiwa na joto, ukiacha nafasi ya sentimita 1 juu, ufute mdomo wa chupa na ufunge mara moja.

Onyo. Usimimine chatne ya moto katika chupa baridi, hasa juu ya meza ya vigae au ya saruji, kwani kioo hupasuka. Weka chupa juu ya ubao au kitambaa.

Funga ikiwa ya moto sana, au sivyo ingoje ipoe kabisa. Mtu anayefunga chatne ya uvuguvugu hupata matone ya maji chini ya kifuniko. Matone hayo hudondoka juu ya chatne, na hapo ndipo ukungu huanzia.

Katika jokofu chatne hii hukaa kwa mwezi mmoja. Itumie kwa kijiko kikavu. Kijiko kilichotoka kwenye bakuli la maharage hakina ruhusa ya kuingia humo. Ukiona ukungu, hata wa doa moja, tupa chupa nzima, usikwangue juu na kuendelea kula. Ukitaka iliyopikwa kwa wingi, igandishe katika vibakuli vya barafu kisha uhamishie vipande katika mfuko. Itakaa miezi 3 na zaidi, na kwa sababu ya sukari yake haitakuwa ngumu kama jiwe.

## Ikiwa imekwisha kuharibika

Iliyoganda sana hurudishwa kwa urahisi: itie sufuriani na maji ya moto kijiko kimoja kimoja, uipashe ikitokota tu, na upime tena kwa sahani baridi. Iliyo nyepesi irudi motoni kwa dakika 5 kwa kila jaribio. Usiizidishie uzito kwa unga wa mahindi, kwani hupoteza mng'ao na kutoa maji ikikaa.

Iliyo kali mno iongezwe sukari guru iliyoyeyushwa, au tende tatu nne zilizopondwa kama unataka na uzito. Iliyo tamu mno inahitaji ukwaju. Limau litaileta karibu, ingawa ukali wa limau ni wa juujuu na hautulii kama wa ukwaju. Yenye uchungu wa kokwa au wa viungo vilivyoungua haiponi. Nimewahi kujaribu magadi, maziwa na sukari maradufu, na kila kimoja kilinipa kitu kibaya zaidi ya nilichokuwa nacho.

Ukilazimika kutumia ukwaju wa chupa, ule mzito mweusi uliokwisha kukamuliwa, anza na vijiko 3 vya chakula katika mililita 500 za maji na uonje kabla ya kwenda mbele, kwa kuwa baadhi yake ni mkali sana na mwingine umekwisha kutiwa chumvi. Ukiwa na chumvi, usiongeze ya kawaida mpaka mwisho.

## Kabla ya kuipeleka mezani

Kwa sambusa, kachori na bhajia iache ilivyo, maana inapaswa kushika kwenye chakula. Kwa bhel puri, ambayo ni bisi za mchele zilizochanganywa na viazi, vitunguu na tambi za dengu, izimue kidogo iweze kuenea, na uitie dakika ya mwisho, kwa sababu bisi zikikaa na chatne hulegea. Kwa dahi vada, zile bhajia za choroko nyeusi zinazolala katika mtindi, izimue zaidi kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, iwe na uwezo wa kuchora mistari juu ya mtindi kutoka ncha ya kijiko.

Zimua ile utakayoimaliza siku hiyo peke yake, katika bakuli la pembeni. Kilichobaki mezani kisirudishwe chupani.